Mliotoka mbali mkaenda chuo kusoma lugha, njooni mniambie ilikuwaje

BintiKoboko

Wadau habari za jioni. Niko Koboko hapa, huku mpakani kaskazini magharibi mwa Uganda, nimemaliza S6 (kidato cha sita), na majina yalipotoka nimepata digrii ya ualimu, Kiswahili na Kifaransa, Kampala, ila kwa kujilipia, siyo ile ya serikali. Tangu siku hiyo nyumbani moto. Baba anasema nani anauza ng'ombe ili mtoto akasome Kiswahili ambacho anaongea tangu hajaota meno, anko wangu wa Arua naye anataka nisome unesi maana wagonjwa hawaishi, mama amenyamaza tu lakini najua anaogopa Kampala.

Sasa naomba mtu asiniambie fuata ndoto zako, hiyo nimeisikia mpaka basi. Nataka mtu aliyetoka mbali kweli, Yumbe, Kisoro, Moyo, Kotido, popote, akaenda chuo kusoma lugha, aniambie ulifikia kwa nani, ulikula nini, watu walikuchukuliaje, na saa hizi unafanya nini. Hata kama iliharibika sema. Nitamsomea baba kwa sauti kwa hiyo matusi hapana tafadhali.

Mwl_wa_Yumbe

Mdogo wangu hongera na pole kwa pamoja. Mimi niliingia chuo 2017, Kiswahili na dini, sasa nafundisha Wakiso. Naandika vizuri kwa sababu mzee atasikiliza.

Basi liliondoka Arua jioni, Pakwach tukavuka Nile gizani, Karuma wote wamelala, alfajiri tuko Bombo na mimi hapo hapo nikashuka, Kampala sikufika hata. Mama yangu mdogo ameolewa Bombo kwa Wanubi, na nyumbani walishapiga hesabu ya hosteli wakaona haiwezekani, zile hosteli nzuri za Kikoni semesta moja inaweza kula laki nane mpaka milioni na bado hujala. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wote naamka usiku, taksi ya Bombo mpaka Wandegeya, na kama unaijua Bwaise mvua ikinyesha basi unajua ni lekcha ngapi za saa mbili asubuhi zilinipita. Lakini Bombo Kiswahili kiko, Kinubi kiko, kisra (ule mkate mwembamba wa Wanubi) iko, sikujisikia mgeni hata kidogo. Ugeni niliukuta mwaka wa pili nilipohamia Kivulu na wasichana wawili, mmoja wa Soroti mwingine wa Rukungiri, muzigo mmoja (chumba kimoja cha kupanga), kitanda kimoja na godoro moja chini, tunapokezana.

Hapo Kivulu kuna jambo sitalisahau. Mama mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kiganda, ananipenda, ananipa matoke Jumapili, ila nikipokea simu ya nyumbani nikaanza kuongea Kiswahili anaingia ndani anafunga mlango. Nilidhani ni dharau ya Kampala. Siku moja akaniambia mwenyewe, mume wake alichukuliwa na wanajeshi enzi za Amin na wale waliokuja kumchukua walikuwa wanaamrisha kwa Kiswahili. Unajua Amin ndiye aliyetoa amri 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, kwa hiyo kwa watu wa umri wake huku katikati, lugha na bunduki vilikuja pamoja. Ningemwambia nini? Nikawa napokea simu barabarani. Mdogo wangu jiandae, wengi ni wazuri, lakini utakutana na mtu ambaye hakuchukii wewe, anakumbuka kitu kingine kabisa.

Sasa ya darasani, hapa mzee asikilize. Sisi wa West Nile na watoto wa barakisi (kambi za jeshi) tulikuwa tunaongea kama maji, wenzetu wa Mbarara na Masaka wanatafuta maneno. Ukaja mtihani wa kwanza wakatupita mbali. Maana kule hausomi kuongea. Unasoma fonolojia, sintaksia, fasihi simulizi, ushairi na vina na mizani yake, tafsiri, alafu mbinu za kufundisha, na kuna swali utapewa sentensi moja tu uichanganue ukurasa mzima. Baba yako anakiongea vizuri sijakataa, lakini amuulize jirani yake yeyote anayekiongea kama anaweza kumfundisha mtoto wa Mukono ambaye hajawahi kukisikia mpaka akafaulu mtihani wa taifa. Hiyo ndo kazi.

Machi 2020 korona ikaja, vyuo vikafungwa, nikarudi Yumbe nikiwa mwaka wa tatu. Intaneti ya kule mnajua wenyewe. Lakini utafiti wangu ulikuwa wa methali za Kiaringa na za Kiswahili, na wale wazee niliokuwa nalia nitawapata wapi nikiwa Kampala wote walikuwa pale wamekaa, hawana pa kwenda, wanataka tu mtu wa kuongea naye. Nikarekodi kwenye simu mpaka ikajaa. Oktoba sisi wa mwaka wa mwisho tukaitwa kurudi, nikaingia na kazi imekamilika na kuna wa Kampala walikuwa hawajaanza.

Kazi. Nilimaliza shule zikiwa bado zimefungwa, nikauza mandazi kwa mama mdogo, sioni aibu. Zilipofunguliwa Januari 2022 simu zikaanza. Ule mtaala mpya wa 2020 umefanya Kiswahili kuwa lazima S1 na S2, na shule nyingi huku hazikuwa na mwalimu wa Kiswahili hata mmoja, walikuwa wanampa mtu wa historia kwa sababu alisomea Kenya. Nikapata shule binafsi mara moja. Mshahara sitadanganya, siyo wa kujivunia. Na serikalini ndo hivo tena, 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipandishwa mpaka milioni 4 na wa sanaa mwenye digrii ileile akabaki kwenye kama milioni moja tu, wenzangu wakagoma Juni ile na wakarudi darasani bila kitu cha maana. Hilo lijue kabla hujapanda basi. Mimi najazia na tafsiri, mabango ya afya, fomu, karatasi za mikutano, mwezi mwingine tafsiri inazidi mshahara na mwezi mwingine hakuna hata ukurasa.

FundiSola_Lira

Baba yako ana akili. Unesi. Hata mkopo wa serikali wa wanafunzi ulipoanza 2014 uliwekwa kwa kosi za sayansi, lugha hawakuitaka, si walijua? Hela ya ng'ombe hairudi mara mbili.

Kifaransa_Kisoro

@FundiSola_Lira eh ssebo umekuja na nyundo. Mkopo kukosekana ni kweli, hilo msimfiche mtoto, ila kukosa mkopo na kukosa kazi ni vitu viwili.

Mimi wa Kisoro, Mfumbira, Kifaransa na jiografia. Nyumbani kwetu ukipanda mlima unaiona Kongo, kwa hiyo nilikulia na redio za Goma, baba anataka habari za bei ya viazi mimi nasikiliza Kifaransa. Nikafika chuo nikajiona bingwa, banange, nikakuta darasani watoto wa shule kubwa za Kampala wamesoma Kifaransa tangu praimari, likizo wanaenda Alliance Française, wengine wameshafika Ufaransa kabisa. Mimi matamshi ya Goma. Walicheka semesta nzima na mimi nacheka nao, ukikasirika Kampala utakufa mapema.

Chakula ni kikomando, chapati na maharage, asubuhi chai, usiku kikomando tena, siku ya hela rolex (chapati imeviringishwa na mayai) mayai mawili. Wa Kisoro tunapenda viazi sasa viazi Kampala bei yake na vile vilinunuliwa kwetu kwa bei ya bure, inauma.

Kilichoniokoa hakikuwa chuo, msiseme nimewaambia. Kulikuwa na kanisa la Wakongo upande wa Katwe, rafiki akanipeleka, mchungaji anahubiri Kifaransa na kuna mtu anatafsiri kwa Kiswahili na mwingine Kiingereza pembeni kwa wageni. Jumapili moja wa Kiingereza hakuja, wakaniangalia. Nikasimama. Mchungaji wa Kikongo akipata moto hasubiri mtu, anatupa sentensi tatu na Zaburi katikati na kilio, na wewe unatakiwa utoe zote, kwa sauti yake, na watu wamesimama wanakungoja. Nilitoka nimelowa jasho. Nikarudi wiki iliyofuata na iliyofuata, hawanilipi, wananipa pondu (kisamvu) na samaki, lakini ilipofika mwaka wa tatu wale wa shule kubwa walikuwa wananiomba niwasaidie mtihani wa kuongea. Kwa hiyo BintiKoboko ukifika tafuta mahali ambapo lugha inatumika watu wakiwa na haraka na shida zao, darasani kila mtu anakungoja umalize.

Baada ya chuo nilikaa Kampala natafuta, bure, nikarudi Kisoro na watu wakaanza zile za "msomi amerudi kulima". Juni 2022 waasi wa M23 wakachukua Bunagana, mji wa Kongo hapo mpakani, watu wakavuka kwetu usiku na magodoro kichwani, mashirika yakaja, karatasi nyingi za upande wa kule ni Kifaransa, wakatafuta nani anasoma. Kazi ilikuwa ya muda mfupi ila jina langu likaandikwa mahali. Sasa hivi natembeza watalii, Bwindi upande wa Rushaga na Nkuringo na huku Mgahinga. Kibali cha kuona gorila kwa mgeni wa nje ni dola 800 tangu Julai 2024, mtu aliyelipa hivo na anaongea Kifaransa hataki kuelezewa kwa ishara, kampuni zinatafuta sisi na hatuko wengi. Msimu ukiwa mzuri sipokei simu za watu wa sayansi. Msimu ukiwa mbaya, Aprili Mei mvua, nalima viazi kama kawaida, na 2020 mngenikuta ningekuwa nimewapa jibu lingine kabisa maana hakukuwa na mtalii hata wa dawa.

FundiSola_Lira

Sawa nimecheka. Lakini huyo ni mmoja. Wangapi mlisoma nao na wako wapi?

Kifaransa_Kisoro

Swali zuri. Wachache ni walimu, mmoja yuko benki, mmoja ubalozini mapokezi, wawili Dubai walinzi, mmoja ni mchungaji (siyo mimi niliyemharibu). Wengine siwajui. Na wewe uliosoma nao sola wote wana paneli?

Nakivale_Uvira

Habari yenu batu. Minasoma hii na minaona nyote munasema "nilitoka nyumbani", kwangu ni tofauti kidogo juu mimi nilienda chuo nikitoka kambini. Nyumbani ni Uvira, tulikimbia nikiwa mdogo, tukapita Burundi, tukafika Nakivale. Kiswahili ninacho, Kifaransa ninacho, shida ilikuwa Kiingereza, nilikaa na watoto wadogo wa praimari mimi na ndevu zangu nikijifunza.

Chuo nililipiwa na DAFI, ile ya UNHCR na Wajerumani, bila hiyo hakuna kitu. Nilisoma lugha na nilizipenda, lakini kitu kigumu njo likizo. Wenzangu wanafunga mabegi wanaenda kijijini, wanarudi na ndizi na kuku, mimi minarudi Isingiro kwenye nyumba ya matope na lazima niwe pale siku ya kuhakikiwa, usipokuwepo jina linaweza kutoka kwenye chakula na familia yote inapata shida juu yako. Kuna mtihani mmoja niliuacha kwa sababu hiyo nikaurudia mwaka uliofuata. Lekchara mmoja alinielewa, mwingine hapana.

Leo mimi ni mkalimani kwenye kliniki. Mama anakuja na Kifulero na Kiswahili cha kwetu, daktari anatoka Bushenyi, mimi katikati. Dada Koboko, hiyo kazi hawakuifundisha chuoni kwa jina lakini vipande vyake vyote nilivitoa kule, namna ya kusikiliza mpaka mwisho bila kuongeza lako, namna ya kusema jambo la mwili wa mama mbele ya mwanae bila kumwaibisha. Anko wako anapenda unesi, mwambie kliniki yetu manesi ni wazuri sana lakini siku mimi siko wanapiga simu.

MamaAdjumani

Baba Koboko, kama unasomewa hii, mimi ni mzazi mwenzako. Wa kwangu yuko Kampala mwaka wa pili, Kiswahili na Luganda, na mimi pia nilikataa mwanzo. Kinachonisaidia ni hivi, sikumpa hela yote mkononi, hosteli nalipa mwenyewe kwenye akaunti yao na kupiga picha risiti, chakula natuma kwa basi, unga wa muhogo, odi ya simsim (ufuta wa kusagwa), samaki wakavu wa Laropi, anaenda kuchukua stendi asubuhi. Tulipata shida ule mwisho wa 2024 daraja la Karuma likiwa linatengenezwa mabasi yakawa yanazunguka Masindi na Paraa, mzigo ukafika samaki wamechoka. Mwambie binti simu asiitoe Wandegeya jioni, wanapokonya mtu akiwa kwenye boda na wanaenda. Na akae na wasichana wenzake wanaojuana, siyo chumba peke yake.

Mambo ya kazi sijui, bado hatujafika huko. Ila ameanza kuniandikia barua ya benki na ya LC (serikali ya mtaa) bila kuniuliza mara mbili nilitaka kusema nini, hiyo nimeiona.

BintiKoboko

Asanteni sana jamani. Nimesoma yote kwa sauti, jana na leo, anko naye alikuwepo. Pale kwa mama wa Kivulu baba alinyamaza muda, yeye baba yake alikuwa jeshini miaka hiyo, akatoka nje akarudi akasema endelea. Ya milioni 4 na milioni moja anko akapiga meza, "si nilisema!", nikaendelea kusoma.

Uamuzi wa leo (unaweza kubadilika kesho) ni kwamba baba atalipa mwaka wa kwanza nikikaa kwa shangazi yangu aliyeko Bombo, alafu matokeo yakitoka tuongee tena. Anko amesema hatoi hata shilingi ila nauli atatoa. Mama ameuliza kama Bombo kuna msikiti karibu, nimemwambia mama ni Bombo, kwa Wanubi, Waislamu tele.

Nina maswali ya mwisho. Kifaransa changu ni cha mwalimu mmoja Mkongo tangu S1, siyo kibaya siyo kizuri. Nikibadilishe niweke Luganda kama mtoto wa MamaAdjumani? Na nibebe godoro au ninunue huko? Na ile saa za kuamka Bombo, ukweli kabisa, ni saa ngapi?

Kifaransa_Kisoro

Usiguse Kifaransa!! Wa Luganda Kampala utashindana na watu milioni. Na tangu 2021 Kifaransa na Kiswahili vyote viwili vimepitishwa kuwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kiingereza, alafu mwaka uliofuata Kongo ikaingia, wewe una vyote vitatu na unakaa mpakani, unataka nini tena? Ukipata hela kidogo fanya mtihani wa DELF, ule cheti chake mtu wa nje anakielewa bila kuuliza ulisoma wapi.

Nakivale_Uvira

Kifaransa usiache. Minamaliza.

FundiSola_Lira

Mimi bado nasema unesi lakini godoro nunua huko, basi watakuchaji kama abiria.

Mwl_wa_Yumbe

Kama unakaa kwa shangazi godoro la nini, Bombo huwezi kukosa pa kulala. Kuamka ni saa kumi na nusu, ukitoka saa kumi na mbili foleni ya Bwaise imeshafunga, na usiku kabla hujalala uwe umepasi nguo maana umeme wa asubuhi siyo wa kutegemea. Kubadilisha masomo kuna wiki chache za mwanzo tu, zikipita umefungwa, kwa hiyo amueni hukohuko nyumbani. Beba risiti za matokeo za S4 na S6 zenyewe siyo fotokopi, barua ya LC, picha za pasipoti nyingi, huku kila ofisi inataka picha. Ukifika Bombo niandikie hapa nitakuelekeza kwa mama mdogo, anapenda watu wa kwetu. Na odi ya simsim beba makopo mawili, moja ni langu.